Mlo wa wawili Pwani: Chagua meza kabla njaa haijakuchagulia

JE, umewahi kusafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa wakati wa sikukuu, karibu kilomita 480, ukiwa umemwahidi mwenzako chajio ambacho hatakisahau, kisha mkaishia mkahawani mwenye muziki wa kupasua masikio, mbele yenu chipsi zilizopoa, kila mmoja amenuna na kumtazama mwenziwe kwa pembe ya jicho?

Kama hayajakupata, shukuru Mungu. Wengi yamewapata. Si kwamba Pwani haina mahali pazuri pa kula. La hasha! Kosa ni kuiachia njaa kazi ya kuchagua. Ifikapo saa mbili usiku, mkiwa mmechoka na jua la mchana kutwa, mtaingia mlango wowote ulio wazi.

Usione hili ni jambo dogo. Mwaka mzima wewe na mwenzako mmekuwa mkizungumza juu ya karo, kodi ya nyumba na gesi iliyokwisha. Huenda huu ndio usiku mmoja wa kuzungumza mambo mengine. Na Januari nayo inakungoja mlangoni. Ukitupa pesa kwa mlo wa majuto, utazitafuta shule zikifunguliwa.

Anza kwa kuuliza. Waume wengi hudhani mahali pa mapenzi ni pale penye mishumaa na vitambaa vyeupe, ilhali mama watoto anatamani tu samaki wa kupaka na wali wa nazi, ale kwa mkono bila kutazamwa. Wake nao humpeleka mzee kula kamba na kaa, kumbe vyakula hivyo humwasha mwili mzima. Ulizaneni mapema, mkiwa bado nyumbani.

Jua na mwezi

Jambo la pili ni lile ambalo sisi wa bara hulisahau. Pwani yetu inatazama mashariki. Ukikaa ufuoni Nyali, Bamburi au Diani ukingoja kuliona jua likizama baharini, utangoja mpaka kesho. Jua huchomoza kutoka baharini na kutua nyuma yako, upande wa minazi.

Ukitaka machweo juu ya maji, tafuta meza kando ya ghuba: Tudor, Mtwapa au Kilifi, mradi uwe ukingo unaotazama magharibi. Mkahawa wa Tamarind ulioko Nyali, kwa mfano, unatazamana na bandari ya zamani, na jua hutua upande wa Mji wa Kale. Mwezi wa Desemba jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu. Basi ukiagiza meza ya saa mbili kwa ajili ya machweo, utakuwa umelipia giza.

Ufuoni nako kuna zawadi yake. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza kutoka baharini karibu na wakati ule ule jua linapotua. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Tazama kalenda kabla ya kuchagua siku. Mwezi hautozi kiingilio.

Na wanaotaka kitu tofauti kabisa, huko Diani kuna Ali Barbour's, mkahawa ulio ndani ya pango la mawe ya matumbawe, wenye matundu juu yanayoonyesha nyota. Huko sharti uagize meza mapema, hasa siku za sikukuu.

Pita mchana

Ukishapata majina mawili matatu, pita ukapatazame mchana. Tazama vipaza sauti vimewekwa wapi, kisha uombe meza iliyo mbali navyo. Tazama kama meza ni za watu wawili au ni mabenchi ya karamu. Uliza usiku huo kuna nini. Tarehe 24 na 31 Desemba, hoteli kadhaa hazipiki mlo wa kawaida bali huandaa karamu ya bei moja kwa kila kichwa, ule usile. Ni tamu kwa anayependa ngoma. Kwa aliyetaka kunong'ona, ni hasara. Siku moja kabla au baada, mahali pale pale huwa patulivu.

Halafu soma orodha ya bei bila haya. Mwambie mhudumu, "Ndugu yangu, hii bei ni yote, au kuna kodi juu yake?" Swali hilo halimfanyi mtu kuwa maskini. Chukua mfano wa mlo wa Sh6,000 kwa watu wawili. Kama bei haijajumlisha chochote, ongeza kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo ni Sh960. Ushuru wa utalii wa asilimia 2, Sh120. Na pengine ada ya huduma ya asilimia 10, Sh600. Jumla ni Sh7,680. Hizo Sh1,680 za juu ndizo huwafanya watu waanze kupekua mifuko na kutazamana.

Kuwa mwangalifu pia na kamba wakubwa wanaouzwa kwa uzani. Bei iliyoandikwa huenda ikawa ya gramu 100 au ya kilo, si ya sahani. Omba wapimwe kabla ya kwenda jikoni.

Ukipenda mvinyo na chakula, uliza pia. Mikahawa mingi ya Mji wa Kale, Mombasa na Lamu, haiuzi pombe. Huko utapata sharubati ya ukwaju, madafu na biriani ya kulamba vidole. Nenda kwa heshima, mmevaa kwa staha, wala usianze ugomvi na mwenye nyumba kwa kitu ambacho hakuahidi.

Njia ya kurudi

Usisahau safari. Kama mmelala mjini kisiwani na mlo uko Diani, kuna kivuko cha Likoni kati yenu, na foleni za sikukuu hazina huruma. Usipange chajio siku mnayowasili. Kituo cha reli cha Miritini kiko nje ya kisiwa, na mtu aliyeshinda njiani siku nzima hana mapenzi, ana usingizi. Patana na dereva wa teksi bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda.

Watoto je? Kama mmesafiri nao, waacheni na shangazi au mtu mnayemwamini, wakiwa wameshakula. Kama hakuna wa kuwaachia, basi kuleni pamoja saa kumi na mbili, wakilala ninyi mketi barazani na chai ya tangawizi. Huo nao ni mlo wa wawili.

Na wewe mwanafunzi ambaye mfuko wako umetoboka, usikate tamaa. Nenda Mama Ngina jioni, pale kusini mwa kisiwa. Nunua mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, na madafu mawili. Kaeni mkitazama meli zikiingia Kilindini. Ziko ndoa nyingi ambazo zilianza kwa kachiri na upepo wa bahari, na bado zimesimama.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Usiku mzuri nao huundwa: kwa swali moja nyumbani, simu moja ya kuagiza meza, na hesabu moja iliyofanywa mapema.

Mkishaketi, zimeni simu. Na yakiharibika yote, mvua ikinyesha, umeme ukapotea au samaki akaungua, chekeni. Mwenzako hatakumbuka samaki. Atakumbuka ulimtazama vipi alipoungua.