Kardinali wa Njano wa Alabaster

Kardinali wa kaskazini ni ndege anayefahamika sana mashariki mwa Marekani, ambako hukaa mwaka mzima bila kuhama hata majira ya baridi, na majimbo saba ya nchi hiyo yamemfanya ndege wao rasmi. Dume ni mwekundu, ana kishungi kichwani na weusi kuzunguka mdomo, na huzoea kula mbegu za alizeti katika visanduku ambavyo watu hutundika uani ili kuwalisha ndege. Kwa hiyo dume wa njano aliyetua kwenye kisanduku cha namna hiyo mwanzoni mwa mwaka 2018, katika mji wa Alabaster jimboni Alabama, aliwashangaza hata wataalamu.

Wekundu wa kardinali hutokana na chakula. Mimea hutengeneza karotenoidi, yaani viasili vya rangi vinavyoipa karoti na embe bivu rangi yake, na hivyo ndivyo pia vinavyowapa heroe wa Ziwa Natron na Ziwa Bogoria uwaridi wao. Karotenoidi nyingi anazokula kardinali ni za njano, hivyo mwili wake hauna budi kuzigeuza kuwa nyekundu kwa kimeng'enya, ambacho ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia. Jeni inayohusika, CYP2J19, ilitambuliwa mwaka 2016 na watafiti waliochunguza ndege wa jamii nyingine. Geoffrey Hill, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Auburn, alieleza kuwa kwa ndege wa Alabaster hatua hiyo ilikwama kutokana na hitilafu ya jeni, rangi ikabaki kama ilivyoliwa.

Hapo ndipo thamani ya picha alizopigwa ndege huyo inapoonekana, kwa sababu zilionyesha kwamba weusi wa usoni, unaotokana na melanini, ulikuwa haujaguswa, na kwa hiyo ndege huyo hakuwa zeruzeru. Ushahidi huo ulipatikana bila kumkamata wala kumng'oa unyoya. Lakini rangi hudanganya: jua la jioni hutia unjano hata kwenye kitu cheupe, na mwanga wa siku yenye mawingu mepesi ndio unaoaminika zaidi. Mpiga picha anayetulia mbali na kisanduku, akielekeza lenzi kwenye tawi ambalo ndege hupumzika kabla ya kula, hupata picha bora kuliko anayemnyemelea.

Anayetembelewa na ndege wa aina hii aihifadhi picha ya kwanza bila kuikoleza rangi, na aandike tarehe na mahali alipoipiga.