Mwaka 1505: Kilwa Ilipotekwa

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Historia: Somo la Tano

 

Somo la juma hili ni la historia. Tutautazama mwaka mmoja tu, nao ni mwaka 1505. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni tarakimu hizi: moja, tano, sifuri, tano. Kila mwanafunzi na aziandike katika daftari lake.

Mwaka huo uko wapi?

Miaka mia moja huitwa karne. Karne ya kwanza ilianza mwaka 1, ikaisha mwaka 100. Ukiendelea kuhesabu hivyo, utaona kwamba karne ya 16 ilianza mwaka 1501, ikaisha mwaka 1600. Basi mwaka 1505 ni mwaka wa tano wa karne ya 16. Kwa hesabu ya Kiislamu, miezi ya mwisho ya mwaka huo ilikuwa ndani ya mwaka 911 wa Hijra.

Ni zamani sana. Ukikipa kila kizazi miaka 25, kutoka wakati ule mpaka wetu ni vizazi 20 na zaidi. Mtaje baba yako, kisha babu yako, kisha baba wa babu yako. Wengi wetu hukwama kabla ya kufika kumi.

Sasa tazameni ramani ya Tanzania iliyo ukutani. Weka kidole juu ya Tukuyu. Kipeleke upande wa kulia, yaani mashariki, kwa mstari ulionyooka, wala usikipandishe juu wala kukishusha chini. Kitavuka milima, kitavuka mito, kitasafiri zaidi ya kilometa 600, yaani kama maili 400, na kitakapofika baharini kitakuwa karibu sana na kisiwa kimoja kidogo. Kisiwa hicho ni Kilwa Kisiwani. Habari yetu ya leo ni ya huko.

Ulimwengu ulivyokuwa

Kabla hatujafika Kilwa, tutembee kidogo katika nchi nyingine, tuone watu walikuwa wakifanya nini mwaka huo.

Tuanze na China. Mwezi wa Juni, 1505, mfalme mkuu wa China alifariki, na mwanawe, kijana wa miaka 13, akakaa mahali pake. Kumbukeni kwamba zamani kidogo, kati ya mwaka 1405 na 1433, Wachina walituma merikebu kubwa sana katika Bahari ya Hindi. Merikebu hizo zilifika mpaka Malindi. Lakini baadaye wafalme wa China waliacha safari hizo, na kufikia mwaka 1505 hapakuwa tena na merikebu za kivita za China katika bahari yetu.

Twende Ujerumani. Mwezi wa Julai, kijana mmoja aliyekuwa akisoma sheria alikuwa njiani, mvua ikamkuta, na radi ikapiga karibu naye. Sisi wa Rungwe tunaijua radi! Kwa hofu kijana yule aliweka nadhiri kwamba akipona atakuwa mtawa. Alipona, na tarehe 17 Julai, 1505, akaingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt. Jina lake ni Martin Luther. Miaka 12 baadaye alianza mabishano makubwa katika Kanisa, na kutokana nayo Kanisa la Kiluteri likatokea. Mwaka 1891 wamisionari Waluteri walifika katika nchi ya Wanyakyusa, na Wamoraviani pia walifika mwaka huohuo.

Sasa twende Hispania. Huko Christopher Columbus, yule baharia aliyefika visiwa vya Amerika mwaka 1492, alikuwa mgonjwa, amemaliza safari zake zote. Alikufa mwaka 1506. Lakini safari zake zimeingia mpaka katika vyungu vyetu. Mahindi, maharage, viazi mviringo, mihogo na karanga, vyote asili yake ni Amerika. Mwaka 1505 hapakuwa na mtu hata mmoja katika Afrika Mashariki aliyekuwa amekula ugali wa mahindi. Ulezi, lakini, ni zao la Afrika tangu kale.

Basi, turudi kwenye bahari yetu.

Kilwa kabla ya Wareno

Kilwa ilikuwa mji wa Waswahili wenye sifa kubwa. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji. Palikuwa na msikiti mkuu wa mawe, tena mpana, na nyumba ya mfalme iitwayo Husuni Kubwa, iliyojengwa juu ya ukingo wa bahari. Wafalme wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba.

Utajiri huu ulitoka wapi? Kisiwa ni kidogo, wala hakina dhahabu. Dhahabu ilichimbwa mbali sana, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikachukuliwa mpaka bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kutoka Sofala vyombo viliileta Kilwa. Na kwa upepo wa kaskazi majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakaleta nguo, shanga na vyombo vya kauri vya China. Upepo wa kusi ulipovuma, yalirudi yakiwa na dhahabu na pembe za ndovu.

Lakini kufikia mwaka 1505 Kilwa ilikuwa na ugonjwa ndani yake. Wakubwa wa mji walikuwa wamegombania kiti kwa miaka mingi. Aliyetawala wakati huo, Amiri Ibrahim, wengi walimhesabu kuwa amekinyakua kiti kisicho chake. Tena miji ya pwani haikupendana. Malindi na Mombasa walikuwa washindani wa siku nyingi.

Wareno wanakuja

Mwaka 1498 Vasco da Gama, baharia wa Ureno, aliizunguka Afrika kwa upande wa kusini akafika pwani yetu. Mombasa hawakumwamini. Mfalme wa Malindi alimkaribisha, na huko akapata rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Mwaka 1502 da Gama alirudi na merikebu nyingi. Safari hii aliingia Kilwa, akamlazimisha Amiri Ibrahim kuahidi kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka.

Kisha mfalme wa Ureno akaazimia kuishika biashara yote ya Bahari ya Hindi. Mwezi wa Machi, 1505, alimtuma Francisco de Almeida awe Makamu wa Mfalme huko Bara Hindi. Alimpa merikebu 20 na zaidi, zenye mizinga, na askari wapatao 1,500. Njiani ajenge ngome pwani ya Afrika.

Tarehe 24 Julai

Almeida alitia nanga Kilwa mwezi wa Julai. Alitaka kumwona Amiri Ibrahim, na kujua kwa nini kodi haikulipwa. Amiri alitoa udhuru, hakwenda. Alfajiri ya tarehe 24 Julai, askari wa Kireno walishuka pwani. Ilikuwa juma moja tu tangu Luther aingie katika nyumba ya watawa.

Hapakuwa na vita vikubwa. Inasimuliwa kwamba walipoifikia nyumba ya mfalme, mtu mmoja alikuwa akipunga bendera ya Ureno kutoka juu, nao wakasita. Walipovunja mlango, Amiri alikuwa amekwisha toka upande wa pili, amevuka kwenda bara. Askari wakauteka mji na kuchukua mali. Almeida akamweka tajiri mmoja, Muhammad Ankoni, kuwa mfalme, akajenga ngome kwa haraka, akaacha askari wa kuilinda.

Mwezi wa Agosti alifika Mombasa. Huko watu walipigana. Walirusha mishale katika vichochoro, wakatupa mawe kutoka juu ya mapaa. Wareno walitia moto, na makuti yakawaka usiku kucha. Kwa hesabu ya upande wa Wareno wenyewe, watu wa Mombasa waliouawa walizidi 1,500, na Wareno waliokufa walikuwa wachache sana. Mji ukaporwa nyumba kwa nyumba.

Wakati huohuo Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno. Wazee wetu husema: Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hakuna mji wa pwani uliokwenda kuusaidia mwingine hata ikawa miji yote ni ya kusaidiwa.

Wareno walipata nini?

Hapa nataka msikilize vizuri, kwa kuwa hili ndilo jambo kubwa la somo letu.

Fikirini soko la ndizi la hapa kwetu. Mtu mwenye nguvu anakuja na rungu, anasema: "Kuanzia leo kila mkungu utauzwa kwangu tu, tena kwa bei niitakayo mimi." Mahali pa soko atapapata siku hiyohiyo. Lakini je, juma lijalo akina mama watateremka na ndizi zao? Hawatakuja. Watatafuta njia nyingine na mnunuzi mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa Kilwa. Wareno waliitaka dhahabu ya Sofala, na mwezi wa Septemba, 1505, kundi lingine la merikebu zao lilijenga ngome huko Sofala pia. Wakakataza watu kufanya biashara ile bila idhini yao. Basi wafanyabiashara walifanya nini? Walihamia bandari nyingine, kama Angoche, na kuzifuata njia za Mto Zambezi. Dhahabu iliyofika katika ngome ilikuwa kidogo kuliko walivyotumaini. Nahodha wa ngome ya Sofala alikufa kwa homa mwaka 1506. Mwaka huohuo Muhammad Ankoni aliuawa, na ugomvi wa kiti ukaanza tena Kilwa. Wafanyabiashara wengi wakakihama kisiwa.

Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao ya Kilwa wakaondoka. Walikuwa wameikalia miaka 7 tu. Lakini mji ule waliouacha haukuwa tena ule wa Ibn Battuta. Mali iliyokusanywa na vizazi vingi ilikuwa imetawanyika.

Tunajifunza nini? Utajiri wa Kilwa haukukaa ndani ya kuta zake. Ulikuwa katika mapatano: mchimbaji wa dhahabu amwamini mchukuzi, mchukuzi amwamini mwenye chombo, na mwenye chombo amwamini mfalme kwamba hatamnyang'anya. Mapatano kama hayo hujengwa kwa miaka mia, na mizinga haiwezi kuyabeba ikaenda nayo. Tena, wenyeji waliuanza ubovu kabla ya mgeni kufika, walipogombana wao kwa wao. Ninyi mlio katika vyama vya ushirika na katika masoko, lizungumzeni jambo hili.

Tunajuaje habari hizi?

Mwanafunzi mmoja ataniuliza: "Mwalimu, mbona unajua mpaka tarehe?" Ni kwa sababu watu waliandika. Mjerumani mmoja aliyekuwa katika merikebu za Almeida, Hans Mayr, habari zake za safari zimehifadhiwa. Watu wa Kilwa nao waliandika historia ya wafalme wao katika karne hiyohiyo ya 16. Isitoshe, Kilwa Kisiwani magofu yapo mpaka leo, msikiti mkuu na Husuni Kubwa. Mwaka 1981 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Na ipo barua moja. Mfalme wa Mombasa, baada ya mji wake kuchomwa, aliketi akamwandikia mfalme wa Malindi, mshindani wake wa siku zote. Alimweleza jinsi wakubwa kwa wadogo walivyouawa, na kwamba harufu ya maiti ilimzuia hata yeye kuingia mjini. Alisema anampa habari hizo ili mwenzake ajihadhari. Fikirini: mtu amepoteza mji, bado alimwona adui yake wa jana kuwa jirani. Kama asingeandika, tusingelijua hilo.

Na huku kwetu Rungwe mwaka 1505? Mlima Rungwe ulikuwapo, na mapokeo ya wazee yanasimulia jinsi wakuu wa Wanyakyusa walivyotoka milima ya Ukinga. Lakini hakuna aliyeandika mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ni mali. Ninyi sasa mnajua kuandika.

Maneno ya kujifunza

*Karne*: miaka mia moja.
*Kodi*: mali anayotozwa mtu au nchi.
*Ngome*: jengo lenye kuta nene la kulinda askari.
*Magofu*: majengo ya kale yaliyobomoka.
*Mapokeo*: habari zilizopokewa kwa mdomo kutoka kwa wazee.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mwaka 1891 ulikuwa katika karne ya ngapi?
2. Kilwa haikuwa na dhahabu. Ilipataje kuwa tajiri?
3. Taja sababu mbili zilizowafanya Wareno waiteke Kilwa kwa urahisi.
4. Kwa nini dhahabu haikuwafikia Wareno kama walivyotumaini?

Kazi ya nyumbani

Mwendee mzee mmoja wa kijiji chako. Mwulize jambo moja alilosimuliwa na babu au bibi yake. Liandike kwa mistari mitano, pamoja na jina la mzee na tarehe ya leo. Juma lijalo kila mmoja atasoma mistari yake mbele ya wenzake.

Kwa herini, ndugu wanafunzi. Tukutane juma lijalo, saa ileile.