Teke la Bunduki na Uchaguzi wa Risasi

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo hata wawindaji wazoefu hulipuuza. Mnyama akipigwa akakimbilia msituni na jeraha, watu husema, "Risasi yake ilikuwa ndogo." Mara nyingi sivyo. Risasi ilikuwa kubwa mno kwa bega la mpigaji, naye alijikunja kabla haijatoka, ikaenda tumboni badala ya moyoni. Mnyama wa namna hiyo huenda akafa baada ya siku mbili, mbali, katika maumivu makali, na nyama yake huliwa na fisi.

Kwanza tueleze teke lenyewe. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti iliyo ndani, na kichwa kiendacho kwa mnyama. Baruti ikiwaka, moshi wake husukuma kichwa mbele, na kwa nguvu ile ile husukuma bunduki nyuma. Kanuni hii iliandikwa na Isaac Newton, Mwingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Aliyeruka kutoka mtumbwini kwenda pwani akaona mtumbwi unarudi majini ameiona kanuni hiyo kwa macho yake. Basi teke huongezwa na mambo matatu: uzito wa kichwa, mwendo wake, na wingi wa baruti. Hupunguzwa na uzito wa bunduki.

Sasa tutazame kulungu wa Ulaya na Marekani. Hawa si sawa na kulungu wetu, maana pembe za madume wao zina matawi, nao huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Lakini mwili wao ni kama wa paa na swala wakubwa, tena kwao ndiko swali hili lilikopimwa sana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 yataka bunduki ya kuwapigia kulungu wakubwa iwe na kipenyo kisichopungua inchi 0.240, yaani kama milimita 6, na risasi iwe na nguvu ya kuinua ratili 1,700 futi moja. Tazameni jinsi kipimo hicho kilivyo kidogo! Risasi ya Marekani iitwayo .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955, hukipita, hali teke lake katika bunduki ya ratili 8 lingeinua ratili 9 tu futi moja. Risasi ya .30-06, ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1906, ina teke la ratili kama 20 katika bunduki ya uzito huo huo. Kulungu aliyepigwa vema hatambui tofauti yake. Bega la mpigaji hulitambua kila siku ya mazoezi, na baada ya risasi tano au sita mtu huanza kutafuta udhuru wa kwenda nyumbani.

Katikati ya hizo mbili ziko risasi za zamani ambazo sisi twazipenda kuliko zote. Sweden na Norway zilichagua risasi ya milimita 6.5 kwa majeshi yao mwaka 1894, na mpaka leo watu wa huko humwindia kongoni wao mkubwa wa msituni, ambaye dume lake huweza kupita kilo 400. Siri yake ni kichwa kirefu chembamba, ambacho hupenya ndani sana bila kuhitaji baruti nyingi. Nduguye ni ile ya milimita 7 ya Mauser, iliyochukuliwa na jeshi la Hispania mwaka 1893. Kwa risasi hiyo Mskoti W. D. M. Bell aliua tembo wengi sana huko Karamoja, Uganda, na penginepo, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maisha yake aliua zaidi ya tembo elfu moja. Hatuyasifu mauaji hayo, wala mtu asijaribu kumwiga, maana sheria za leo zataka bunduki kubwa kwa wanyama wa hatari. Twamtaja kwa sababu alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Alijua mahali pa kupiga, na bunduki yake haikumtisha.

Lakini udogo una mpaka wake. Ziko risasi za .243 zenye vichwa vyepesi, vilivyotengenezwa kwa kuua wanyama wadogo waharibifu. Vichwa hivyo huvunjika juu ya bega la kulungu na kuacha jeraha pana lisilofika ndani. Achague kichwa kizito cha aina yake, kitanukacho lakini hakipasuki vipande, na asipige mbali. Mahali pa kulenga, mnyama akisimama ubavu, ni nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Hapo ndipo moyo na mapafu yalipo.

Bunduki nayo itazamwe. Ile nyepesi sana hupendeza dukani na kuchukiza begani. Kitako kikiwa kirefu kupita kiasi, hakikai mahali pake. Mpira nyuma ya kitako husaidia sana. Masikio yazibwe wakati wa mazoezi, maana wengi hugutushwa na kishindo kuliko teke. Na msomaji asisahau kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania hauruhusiwi bila kibali.

Anayetaka kujua kama bunduki yake inamzidi afanye hivi. Mwenzake amtilie risasi bila yeye kutazama, mara ya kweli, mara ya mazoezi isiyo na baruti wala fataki. Alenge shabaha na kuvuta kifyatulio polepole. Ikiwa ni ile isiyo na baruti, mdomo wa bunduki utatulia kimya. Ukiinama chini hata kidogo, mkono wake umekwisha kuliogopa teke kabla halijaja, naye ashuke kwenye risasi ndogo zaidi na kujaribu tena.