Kujifunza Kufundisha Hisabati: Nusu Ekari na Wanaoifundisha
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliyatazama matokeo ya mitihani. Tuliona kwamba kwa miaka mingi, katika kila watahiniwa watano wa kidato cha nne waliofanya mtihani wa Hisabati, wanne hivi walishindwa, na hata mwaka 2023, ufaulu ulipopanda, ulifikia takriban robo tu ya watahiniwa. Leo tuingie kwenye swali lisiloulizwa sana siku matokeo yanapotangazwa. Mwalimu tunayemtegemea arekebishe hali hii, yeye mwenyewe anajifunzia wapi kufundisha hisabati? Namzungumzia mwalimu wa shule ya msingi na wa madarasa ya mwanzo ya sekondari, kwa kuwa mtoto anayeanguka kidato cha nne mara nyingi alikwisha kujikwaa darasa la nne au la tano, na hakuna aliyemwona.

Tuanze na shamba. Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mpunga wa Mbarali hadi nyanya za Ilula, watu hupima shamba kwa hatua. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, na mtoto wa darasa la sita aliyekulia kijijini analijua hilo kabla mwalimu hajafungua kitabu. Hatua yenyewe ni ndefu, inakaribia sentimita 91, ndiyo maana hesabu hiyo inakubaliana na ekari ya vitabuni, mita za mraba 4,047. Sasa waulize wanafunzi: nusu ekari ni hatua ngapi kwa ngapi? Mikono itanyooshwa, na jibu utakalolisikia zaidi, tena kwa sauti ya kujiamini, ni 35 kwa 35.

Hiyo ni robo ekari. Hatua 70 kwa 70 ni hatua za mraba 4,900, na 35 kwa 35 ni 1,225. Zidisha 1,225 kwa nne, ndipo utakapopata ekari yako. Atakayekodi shamba kwa bei ya nusu ekari akapimiwa 35 kwa 35 amepunjwa nusu ya alicholipia, na huenda aliyempimia wala hakukusudia kumdhulumu.

Mwalimu mmoja akilisikia jibu hilo atasema "siyo, nani mwingine?", atampata mtoto wa dawati la mbele mwenye jibu la 35 kwa 70, atawaambia wenzake wampigie makofi, kisha ataandika ubaoni kwamba eneo ni urefu mara upana. Somo litakwisha, daftari zitakuwa safi, na aliyesema 35 kwa 35 ataondoka na wazo lake lile lile kichwani. Mwalimu mwingine atamwita mtoto huyo mbele na kumpa karatasi ya mraba. "Hii ni ekari yako. Ikunje mara moja. Umebaki na nini?" Nusu. "Upande huu una hatua ngapi sasa? Na huu je, umebadilika?" Kisha: "Ikunje tena, upande wa pili." Mtoto ataifungua karatasi, ataona vyumba vinne, na atajijibu mwenyewe. Kazi hiyo yote haizidi dakika tano.

Huyu wa pili alijua kitu ambacho wa kwanza hakukijua, na wote wawili wanaweza kukokotoa eneo la mstatili bila shida. Alijua kwamba kosa lile lina mantiki. Mtoto aligawa 70 kwa mbili, akapata 35, na hapo yuko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba aligawa pande zote mbili, hivyo nusu ikachukuliwa mara mbili. Mwalimu alilitarajia kosa hilo kabla ya kuingia darasani, na alikuja na karatasi kwa ajili yake. Mwaka 1986 msomi wa Marekani, Lee Shulman, aliandika kwamba ujuzi wa namna hii ni ujuzi unaojitegemea: unakaa kati ya kulijua somo na kujua mbinu za kufundisha, na hauji wenyewe kwa kuwa na hivyo viwili. Nadhani kila mwalimu mkongwe wa Rungwe au Mufindi angemkubalia bila kusoma ukurasa hata mmoja wa maandishi yake.

Msomi mwingine, Liping Ma, aliyewahi kufundisha shule ya msingi kijijini huko China, alichapisha kitabu mwaka 1999 kinachowalinganisha walimu 23 wa Marekani na 72 wa China. Aliwapa hesabu ya moja na robo tatu gawanya kwa nusu, kisha akawaomba watunge hadithi inayoendana nayo. Wachina wote walipata jibu, tatu na nusu. Wamarekani waliolipata hawakufika nusu yao, na mmoja tu ndiye aliyetunga hadithi iliyosimama. Wengi walitunga hadithi ya kugawana vitu kati ya watu wawili, na hiyo ni kugawanya kwa mbili, siyo kwa nusu. Sokoni Mwanjelwa hadithi hiyo ingetungwa hivi: una debe moja na robo tatu la mahindi, unayapima kwa chombo cha nusu debe, utakijaza mara ngapi? Mara tatu na nusu. Mtoto akilipata hilo, habari ya "geuza sehemu ya pili kisha zidisha" haitakuwa tena kama mazingaombwe.

Lakini kilichonigusa zaidi katika kitabu hicho ni elimu ya walimu wenyewe. Wamarekani walikuwa na shahada. Wachina wengi walisoma miaka tisa tu, kisha wakaenda chuo cha ualimu kwa miaka miwili au mitatu. Kwa vyeti hawakuwa mbali sana na walimu wetu wa Daraja la A, waliomaliza kidato cha nne na kusoma ualimu miaka miwili. Tofauti ilikuwa katika yaliyotokea baada ya chuo. Shuleni walikuwa na vikundi vya walimu wa hisabati waliokaa pamoja kila mara, wakalichambua somo la wiki ijayo, wakajadili wanafunzi watakwama wapi na wawaulize nini. Walijifunza hisabati ya shule ya msingi kwa kuifundisha, wakiwa na wenzao.

Tugeukie kwetu. Kwa vyuo, ukanda huu haujanyimwa. Iringa kuna Chuo cha Ualimu Kleruu, na kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mkwawa. Rungwe kuna Tukuyu na Mpuguso, vyuo vilivyotoa walimu wa shule za msingi kwa vizazi kadhaa. Mbeya mjini kuna Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Wahitimu wa vyuo hivi wamo katika shule nyingi za mikoa hii.

Wanachokosa wengi wao ni nafasi ya kufanya kazi ya kufundisha hisabati mbele ya mtu anayeiona kazi hiyo kwa undani. Chukua mazoezi ya kufundisha, ile BTP. Mwalimu tarajali hupangiwa shule, hupewa vipindi, na siku moja mkufunzi hutokea, hukaa nyuma na fomu yake. Fomu huuliza kama andalio la somo lipo, kama malengo yanapimika, kama zana zimetumika, kama sauti inasikika, kama ubao umegawanywa vizuri. Yote ni ya maana. Ila karibu kila kipengele kinafaa somo lolote lile, iwe hisabati au historia. Hakuna mahali panapouliza: mtoto aliyeandika kwamba 52 toa 27 ni 35, mwalimu alimwuliza nini? Mtoto huyo hakubahatisha. Kila safu aliitoa tarakimu ndogo katika kubwa, saba toa mbili, tano toa mbili, kwa kuwa darasa la kwanza alizoeshwa kwamba ndogo ndiyo hutolewa katika kubwa. Alifuata kanuni tuliyompa.

Mfano mwingine ni MAGAZIJUTO. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Imesaidia wengi, na sina ugomvi nayo. Lakini mpe mwanafunzi 10 − 3 + 2. Anayeifuata herufi kwa herufi atajumlisha kwanza, 3 na 2, apate 5, kisha atoe katika 10, apate 5. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na kazi huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha. Anayetaka kujumlisha kwanza sharti aiache alama ya kutoa mahali pake, mbele ya 3. Mwalimu asiyelijua hili atasahihisha kwa alama ya kosa na kumwambia mtoto akariri vizuri zaidi, wakati mtoto amekariri vizuri mno.

Tumewahi kujaribu njia za mkato za kurekebisha hali hii. Miaka ya 1960, baada ya wataalamu kukutana Entebbe mwaka 1962, Afrika Mashariki ililetewa ile iliyoitwa hisabati mpya, yenye seti na mambo mengine ambayo walimu wengi hawakuandaliwa kuyafundisha. Kenya iliiondoa mwaka 1981. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi yetu ilipotaka kila mtoto aingie darasani, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu. Walijifunza kwa posta na redio huku wakifundisha shuleni, chini ya uangalizi. Wengi huwakumbuka kwa upungufu wao wa elimu, na upungufu ulikuwapo. Mimi naona pia kwamba mpango ule ulikuwa na wazo zuri ndani yake: kujifunza kazi ukiwa ndani ya kazi. Wazo hilo lilihitaji wasimamizi wanaolijua somo, na hao hawakutosha. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi miaka ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa kufundisha baada ya mafunzo ya mwezi mmoja hivi, na watu wakawabatiza jina la vodafasta. Vijana wale walijituma, lakini walioachwa peke yao madarasani walijifunza kwa kuwaiga walimu waliowafundisha wao.

Sasa kuna mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Unataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya za kujifunza, wajadili mada zinazowashinda, wafundishane. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua sahihi kuliko zote zilizotangulia, kwa sharti moja: kikao kiwe na kazi ya wanafunzi mezani. Kikao cha kusoma waraka, kupiga picha na kusaini mahudhurio hakimfundishi mtu. Leteni daftari kumi za darasa la tano zenye kosa moja. Mmoja afundishe, wenzake wakae nyuma wakiwatazama wanafunzi badala ya kumtazama mwalimu, kisha mrudi ofisini mjadili nani alikwama wapi. Wajapani wamefanya hivi kwa zaidi ya karne moja, na gharama yake ni muda.

Katika vikao hivyo ningependa kuwaona pia walimu wa sekondari. Katika kata nyingi za mikoa hii shule ya msingi na sekondari ya kata ziko mwendo mfupi wa miguu, lakini walimu wao hawakutani kuzungumza hesabu. Wa sekondari husema mtoto aliharibiwa msingi. Wa msingi hawajui mtoto wao alikwama wapi alipofika kidato cha kwanza. Mtoto ni yule yule, na sehemu zilizomshinda darasa la sita ndizo zitakazomshinda katika aljebra. Afisa Elimu Kata ana uwezo wa kuwakalisha pamoja mchana mmoja kila muhula.

Kwa kuanzia, walimu wakuu, zipo taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazotolewa somo kwa somo baada ya mitihani. Zinaonyesha swali kwa swali ni jibu gani lisilo sahihi lililowavuta wengi, na sababu yake. Chapeni ile ya Hisabati ya darasa la saba, iwekeni ofisini, na jumuiya yenu ya kujifunza ichukue swali moja kila wiki. Nanyi wakufunzi wa vyuo, kabla ya BTP ijayo ongezeni katika fomu zenu mstari mmoja unaouliza mwalimu tarajali alifanya nini na jibu lisilo sahihi.

Juma lijalo tutamfuata mtoto huyu siku anapoingia kidato cha kwanza na kuikuta hisabati ile ile ikifundishwa kwa Kiingereza.