Pikipiki Inayozimika na Kuwaka Yenyewe: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme

Kazi nyingi za Kanisa vijijini zinategemea pikipiki. Mwinjilisti huitumia kufika mitaa ya mbali, bwana mifugo hubebea sanduku la chanjo ya kideri, na mhudumu wa afya hufuatilia wagonjwa majumbani. Pikipiki ikiharibika moja kwa moja hupelekwa kwa fundi ikatengenezwa. Inayosumbua zaidi ni ile inayozimika ghafla njiani, kisha baada ya dakika kumi inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Ikifika kwa fundi inaunguruma vizuri, na fundi haoni cha kurekebisha.

Hapo ndipo fedha za mradi zinapopotea. Pikipiki moja ya aina hiyo ilibadilishiwa plagi, betri na sidiai (kile kisanduku kinachopanga wakati wa plagi kutoa moto), na bado iliendelea kuzimika. Mwishowe ilionekana kuwa tatizo ni waya mmoja uliochubuka chini ya usukani, ambao uligusa fremu kila dereva alipokata kona kali. Tiba yake ilikuwa kipande cha mpira na tepu.

Makala hii inaeleza utaratibu ambao dereva na fundi wanaweza kuufuata kwa pamoja. Msingi wake ni huu: hitilafu inayokuja na kutoweka hutafutwa kwa kujua inatokea katika hali gani, na kwa kupima wakati ipo. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha hakusaidii.

Andika kabla ya kufungua

Kila pikipiki ya mradi ina daftari la safari. Inapozimika, dereva aandike mambo yafuatayo:

- Ilikuwa imetembea muda gani, na injini ilikuwa ya moto au ya baridi?
- Kulikuwa na mvua, au ilitoka kuvuka maji?
- Ilikuwa kwenye mashimo, au ilikuwa inakata kona?
- Honi na indiketa zilifanya kazi baada ya injini kuzimika?
- Ilikaa muda gani kabla ya kuwaka tena?

Matukio matatu au manne yakiandikwa hivyo, mara nyingi sura ya tatizo huanza kuonekana. Ikizimika injini inapopata moto na kuwaka ikishapoa, tuanze kushuku koili ya plagi, koili zilizo ndani ya magneto, au sidiai. Waya mwembamba ndani ya koili unaweza kuachana kwa joto na kugusana tena ukipoa. Ikisumbua wakati wa mvua, tutazame kofia ya plagi na swichi zilizo kwenye usukani. Ikisumbua kwenye mashimo, tukague vichwa vya betri, fyuzi na viungo vya nyaya. Ikisumbua kwenye kona, tufuate nyaya zinazopita shingo ya usukani.

Ikumbukwe pia kwamba mafuta yanaweza kuiga hitilafu ya umeme. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki likiziba, mafuta huacha kushuka vizuri na injini huzimika. Ukipumzika kidogo hewa hupenya, na pikipiki huwaka tena. Hivyo ikizimika, fungua kifuniko kwanza. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na pikipiki ikawaka mara moja, safisha tundu hilo kabla ya kugusa waya wowote.

Ikizimika, pima palepale

Dakika zile chache ambazo pikipiki imekataa kuwaka ni za thamani kuliko siku nzima kwa fundi. Isogeze kando ya barabara, acha ufunguo ukiwa umewashwa, kisha bonyeza honi na indiketa. Usitegemee taa kubwa peke yake, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hupata umeme wa magneto na huzimika pamoja na injini.

Honi na indiketa zikiwa zimekufa, tatizo liko kwenye njia kuu ya umeme: betri, fyuzi kuu, swichi ya ufunguo, au waya wa ethi unaofungwa kwenye fremu. Zikifanya kazi vizuri, tazama upande wa moto wa plagi. Beba plagi nzima ya akiba. Ichomeke kwenye kofia, na ile iliyo kwenye injini iache mahali pake ili mvuke wa petroli usitoke. Gusisha chuma cha plagi ya akiba kwenye injini, ukiishika kwa koleo lenye mpira, mbali na tanki na kabureta, kisha mwenzako apige kiki. Ukiona moto wa buluu unaoruka kwa nguvu, rudi kwenye mafuta, au jaribu kubadilisha plagi iliyo ndani. Usipouona, tatizo ni la umeme.

Betri siyo mkosaji kila mara

Pikipiki nyingi ndogo za silinda moja hupata moto wa plagi kutoka kwenye magneto bila kutegemea betri. Katika pikipiki hizo, ufunguo unapozimwa huunganisha waya wa sidiai na fremu, na ndivyo injini inavyozimika. Kwa hiyo waya huo ukichubuka na kugusa fremu, injini itazimika ingawa ufunguo umewashwa. Fundi anaweza kuuchomoa waya huo kwenye sidiai kwa majaribio. Hitilafu ikitoweka, basi iko kwenye waya au swichi, na sidiai ni nzima. Jaribio hili lifanyike pikipiki ikiwa imesimama, na waya urudishwe baadaye, kwa sababu bila waya huo ufunguo hauwezi kuzima injini.

Pikipiki nyingine hutumia umeme wa betri kuchoma plagi. Hizo ndizo zinazoweza kuzimika kwa sababu tu kichwa cha betri kimelegea. Kitabu cha pikipiki au mchoro wa nyaya huonyesha yako ni ya aina gani.

Kutikisa na kupima

Washa injini ikiwa gia huru. Tikisa fungu moja la nyaya kwa wakati mmoja, kisha zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Injini ikibadilika sauti, umekaribia.

Kwa mita, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani 12.6. Injini ikiongezwa kasi, kipimo kipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, chaji haifiki. Kikizidi 15, regyuleta ni mbovu na itaharibu betri. Kisha weka mita kati ya hasi ya betri na chuma cha injini huku honi ikilia. Kipimo kiwe karibu na sifuri. Kikizidi nusu volti, ethi ina kutu au imelegea: sugua kwa msasa na ukaze.

Waya uliokatika uungwe kwa kuchomelea risasi na kufunikwa. Fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, kwani shoti ikitokea nyaya zinaweza kuwaka moto chini ya tanki.

Kwa wasimamizi wa miradi

Fundi anapoomba kipuri, muulize kwa heshima amejuaje kuwa cha zamani kimekufa. Kibadilishwe kitu kimoja tu, pikipiki ijaribiwe katika hali ileile iliyoandikwa kwenye daftari, na kipuri cha zamani kitunzwe mpaka tuhakikishe. Panapowezekana, azima kipuri kutoka pikipiki nyingine ya aina ileile kabla ya kununua.

Fedha hizi ni sadaka za washarika na michango ya marafiki, na kuzitunza ni sehemu ya uwakili wetu. Lakini lipo jambo kubwa zaidi. Mhudumu anayezimikiwa na pikipiki usiku, katikati ya pori au mbele ya lori, yuko hatarini. Asiambiwe aendelee kuitumia eti kwa sababu kwa fundi iliwaka. Pikipiki ipumzishwe mpaka chanzo kijulikane.