Moshi wa Alfajiri, Upepo wa Saa Nne

Simama uani Manzese au Tandika, jijini Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, uutazame moshi wa jiko la mkaa la jirani. Unapanda wima mpaka usawa wa paa, kisha unagoma kwenda juu. Unalala, unatanda juu ya mabati kana kwamba umegonga dari.

Dari hiyo haionekani, lakini ipo. Usiku ardhi hupoa haraka, na hewa inayoigusa hupoa nayo. Hewa baridi ni nzito, hubaki chini. Yenye joto hutanda juu yake na kuifunika. Moshi wa mkaa, wa taka za jana jioni na wa daladala za kwanza hunaswa humo. Upepo wa saa hizo, ukiwapo, ni umande, ule mwepesi utokao bara kwenda baharini. Mvuvi hutoka nao na ngalawa yake. Sisi wa mjini hutusukumia moshi wa mitaa ya ndani mpaka ufukweni.

Jua likipanda, mambo hugeuka. Ardhi hupata moto upesi kuliko maji, hewa yake hupaa, na ya baharini huja kushika nafasi. Mara nyingi kufika adhuhuri upepo wa bahari umeshaingia na dari imevunjika. Ninawahurumia wanaokimbia kando ya barabara alfajiri wakiamini hewa ni safi kwa kuwa ni baridi. Saa kumi alasiri ingewafaa zaidi.

Kwa hiyo soma saa kwanza, namba za vipimo vya hewa baadaye. Namba inayotajwa sana ni ya chembe zisizozidi maikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele mara 20 na zaidi, zinazopenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Wastani huo huificha alfajiri. Tena vipimo vya bei nafuu, vinavyohesabu chembe kwa mwanga, hudanganyika pwani: chembe za chumvi na za moshi hunyonya unyevu, zikavimba, kipimo kikasoma zaidi ya kilichopo.

Mvua ya masika huosha hewa, ingawa si kwa muda mrefu. Kipindi ninachokihofia ni tanga mbili, kusi imelegea na kaskazi haijashika, siku zikipita bila upepo wa kutegemea.

Halafu kuna jioni. Jua likizama upepo wa bahari hufifia, majiko huwashwa, na ndipo watu wengi huchoma taka. Afadhali zisichomwe kabisa, hasa plastiki. Moshi wa rundo lililowashwa saa nane mchana huchukuliwa na upepo. Wa saa moja usiku huingia dirishani na kulala na watoto.