Ua la Mbuyu Wakati wa Magharibi: Sikiliza Maoni Kabla ya Kuhariri Picha

Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama. Petali zake tano nyeupe hujikunja kwa nyuma, kichala kikubwa cha nyuzi za chavua hujitokeza, na ua zima huning'inia kwenye kikonyo kirefu likingoja popo walao matunda, ambao ni wachavushaji wake wakubwa. Kesho yake petali hunyauka na kugeuka kahawia, kisha ua huanguka. Anayetaka kulipiga picha likiwa bichi hana budi kufanya kazi katika mwanga hafifu, na wengi hupata picha isiyofanana na walichokiona: ua limekuwa la buluu, limefifia, limechanganyika na matawi. Picha ya namna hiyo haistahili kufutwa haraka. Mara nyingi inaokolewa na jicho la mtu mwingine, pamoja na uhariri unaojibu kile alichokiona mtu huyo.

Buluu hiyo ina sababu. Jua likishazama, mwanga unaotufikia kutoka angani hupita njia ndefu ndani ya tabaka la ozoni, na ozoni hunyonya sehemu ya mwanga wa manjano, chungwa na mwekundu. Buluu ndiyo inayobaki kwa wingi, na ua jeupe huipokea yote. Kamera hurekodi hali hiyo ilivyo. Sisi hatuioni, kwa kuwa ubongo husawazisha rangi wenyewe, na kitu tunachojua ni cheupe huendelea kuonekana cheupe.

Tofauti ya jicho na kamera haikomei hapo. Mwaka 1825 mwanafiziolojia wa Kicheki, Jan Purkyně, alieleza kwamba giza linapoingia rangi nyekundu hufifia machoni mapema kuliko kijani na buluu. Waridi jekundu huonekana karibu jeusi wakati majani yake bado yanaonekana vizuri. Kamera haina badiliko hilo. Kwa hiyo mpiga picha anayetegemea kumbukumbu ya macho yake peke yake anategemea shahidi ambaye naye alikuwa akibadilika kila dakika.

Muda nao ni mfupi. Karibu na ikweta jua huzama wima, na mwanga unaofaa kwa kazi hii hudumu kama dakika 20 tu baada ya machweo. London, mwezi Juni, mwanga kama huo hudumu zaidi ya dakika 45, na ushauri mwingi wa kupiga picha za jioni umeandikwa na watu wa nchi za aina hiyo. Pwani yetu, kati ya adhana ya magharibi na ya isha hupita saa moja na dakika chache. Theluthi ya kwanza ndiyo yako. Chagua ua na pembe kabla jua halijazama, weka kamera kwenye tripodi, na uhifadhi picha kama faili ghafi. Faili ya kawaida ya JPEG hugawa kila rangi ya msingi katika ngazi 256 za mwanga. Faili ghafi ya biti 14 huigawa katika ngazi 16,384. Ngazi hizo za ziada ndizo utakazozihitaji mezani.

Sasa maoni. Ukiwaonyesha marafiki picha yako watakwambia ni nzuri sana. Sifa hiyo inafurahisha, lakini haikuonyeshi pa kurekebisha. Nyani haoni kundule, na mpiga picha haoni kasoro ya picha yake kwa sababu anaitazama pamoja na harufu ya ua, upepo na mabawa ya popo, mambo ambayo hayamo kwenye picha. Mtafute mtu ambaye hakuwepo. Usimweleze chochote. Muulize maswali matatu: jicho lako limetua wapi kwanza? Unadhani ni saa ngapi? Ni kitu gani hukukitambua?

Kila swali lina kazi yake. La kwanza hufichua sehemu inayong'aa kupita mhusika wako. La pili hupima rangi na kiasi cha mwanga. La tatu hufichua mandharinyuma iliyovurugika au ua lisilo kali. Tuseme umejibiwa hivi: jicho limekwenda kwenye kipande cha anga juu kushoto, picha inaonekana ya mchana iliyopigwa vibaya, ua halitofautiki na vitawi vya nyuma. Hapo una orodha ya kazi.

Anza kwa kukata. Ondoa kile kipande cha anga, ukiacha nafasi chini ya ua, kwa kuwa ua la mbuyu hutazama chini na linahitaji mahali pa kutazama.

Rangi hufuata, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukiiambia programu ichukue petali kuwa nyeupe kabisa, buluu yote itatoweka na magharibi itatoweka nayo. Weka kipimo cha joto la rangi kwenye Kelvin 5,500, ambacho ni cha mwanga wa mchana, kisha kipandishe polepole. Simama pale petali zinapoonekana nyeupe huku kivuli cha buluu kikibaki kwenye mikunjo. Buluu hiyo ndiyo itakayomjulisha mtazamaji kwamba jua limezama.

Katika kurekebisha mwanga, usiipandishe picha nzima. Chagua ua peke yake uliongeze nusu stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), kisha vipunguze vile vitawi vya nyuma kwa kiasi hicho hicho. Sehemu zenye giza zikipandishwa sana hutoa chengachenga za rangi. Ondoa kwanza chengachenga hizo, halafu noa nyuzi za chavua tu. Ukilainisha kupita kiasi, petali hubadilika kama plastiki. Darktable kwenye kompyuta hufanya kazi hizi bila malipo, na Snapseed kwenye simu hufanya nyingi kati yake, nayo bila malipo. Punguza mwanga wa kioo hadi wastani unapohariri, kwani kioo kinachong'aa mno hukudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha.

Ukimaliza, uliza maswali yale yale matatu, ila kwa mtu mwingine. Yule wa kwanza tayari anajua ua liko wapi. Jicho lake haliwezi tena kupotea.

Yako mambo ambayo uhariri hauyawezi. Kikonyo kirefu huyumba hata kwa upepo mdogo, na ua lililotikisika kwa nusu sekunde halinoleki; afadhali kuongeza ISO na kuharakisha shata, kwani chengachenga hupunguzika lakini mtikisiko haurudi nyuma. Petali zilizopokea mwanga kupita kiasi zikawa nyeupe tupu nazo hazirudishi mikunjo yao. Na kama picha imekusudiwa kumbukumbu ya mimea, ambako rangi ya petali ni ushahidi, iambatanishe na faili asili na ueleze ulichobadilisha.

Picha hubadilika kuwa bora pale kila badiliko linapokuwa na sababu iliyotajwa na mtazamaji. Basi msimu ujao mbuyu wa mtaani kwenu utakapochanua, piga picha yako, umpe mtu asiyekuwepo, umuulize, kisha unyamaze umsikilize. Programu ya kuhariri ifunguliwe baada ya hapo.